Sukari ya asubuhi: breki ya ini inakanyagwa wapi?

Mgonjwa wa kisukari pale Kizota, Dodoma, amekula ugali wa uwele na mlenda saa moja usiku. Saa tatu glukomita (kipimo cha sukari ya damu) inasoma 7.4 mmol/L. Saa kumi na mbili asubuhi, hajaonja hata chai, inasoma 9.6. Nyumbani wanamshuku kwamba ameamka kula usiku. Wanamwonea. Sukari hiyo imetoka kwenye ini lake.

Mtu mzima wa kilo 70 aliyelala bila kula, ini lake humimina kwenye damu miligramu 2 hivi za glukosi kwa kila kilo kwa dakika, yaani gramu 8 na ushee kwa saa. Takriban nusu ni akiba ya glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa kwenye ini, inayovunjwa. Nyingine huundwa upya kutokana na lakteti (mabaki ya sukari iliyotumika mwilini), amino asidi za protini na gliseroli ya mafuta. Homoni ya glukagoni huichochea kazi hiyo, na homoni ya kotisoli inayopanda alfajiri huongeza. Insulini ndiyo breki. Ubishi wa wataalamu ni mahali breki hiyo inapokanyagwa.

Wapo wanaosema ni kwenye ini lenyewe. Insulini ikitoka kwenye kongosho hupita kwanza kwenye ini, kwa hiyo ini hukutana na kiwango kikubwa mara 2 hadi 3 kuliko sehemu nyingine za mwili. Kwenye majaribio ya mbwa, insulini ilipoongezwa kwenye mshipa wa kuingia ini pekee, utoaji wa sukari ulishuka upesi.

Wengine wanasema breki iko mbali na ini, kwenye seli za mafuta. Insulini huzizuia kuachia asidi za mafuta. Asidi hizo zikipungua, ini hubaki na asetili-koenzaimu A kidogo (kiambata kinachopatikana mafuta yakichomwa), na kimeng'enya cha pairuveti kaboksilesi, ambacho hufungua njia ya kuunda glukosi, hulegea. (Asidi hizo zenyewe hazigeuki kuwa glukosi, ingawa wengi hudhani hivyo, kinachogeuka ni gliseroli inayoachiwa pamoja nazo.) Ushahidi wao una uzito: mtu akipewa insulini huku dripu ya mafuta na heparini (dawa inayochochea mafuta hayo kuvunjwa) ikizuia asidi za mafuta zisishuke, ini halitulii ipasavyo. Hata panya walioondolewa kwenye ini jeni za Akt na FoxO1, zinazopitisha ujumbe wa insulini ndani ya seli, bado huitikia insulini.

Lakini kwa mtu mwenye afya, mafuta yakipanda, ini huunda sukari mpya zaidi na wakati huohuo huvunja glaikojeni kidogo, jumla ikabaki karibu palepale. Kwa hiyo mafuta peke yake hayatoshi kueleza yote.

Tunavyoona, breki ya ini hufanya kazi haraka na hushika zaidi glaikojeni. Ya mafuta huchelewa na hushika sukari mpya. Mwenye kisukari aina ya 2 na kitambi, seli zake za mafuta haziisikii insulini vizuri, na asidi hutiririka usiku kucha. Ndiyo maana kumpunguzia ugali wa jioni pekee hakumsaidii sana asubuhi; kupunguza uzito na kunywa metfomini kama alivyoandikiwa husaidia zaidi.

Hatari kubwa iko kwa mwenye aina ya 1, ambaye kongosho lake halitoi insulini ya kutosha, anayeambiwa, "Hujala, usichome insulini." Bila insulini breki zote mbili hukatika: ini linamimina sukari, mafuta yanageuka ketoni (asidi zinazoichafua damu), na ndani ya siku moja au mbili anatapika na kuhema kwa nguvu. Akiumwa au akikosa hamu ya kula, dozi hurekebishwa kwa ushauri wa kliniki na sukari hupimwa kila baada ya saa chache, lakini insulini haiachwi kabisa.