Boksi langu, kijiti changu

Jumamosi iliyopita mama kawasha TV asubuhi atafute mawaidha yake, badala ya menyu kakuta tangazo la kubeti limejaa nusu skrini. Kaniita. "Hebu njoo uone, hiki ndo ulichoninunulia?" Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Boksi lenyewe, lile la Android linalochomekwa kwenye TV, nililichukua Kariakoo miaka mitatu nyuma, laki na ishirini taslimu, hamna mkopo hamna mkataba. Jina la kampuni silitaji. Tangu hapo limepata apdeti mbili tu, ya kwanza ikalifanya zito kama limebeba gunia la mkaa, ya pili ndo hii ya kamari. Yaani kuziba mianya ya usalama hawana muda, ila kutuletea mikeka sebuleni muda wanaupata.

Usiku nikaamua. Ndani kuna chipu ya Amlogic S905X3 na CoreELEC, mfumo wa bure unaowaka kutoka kwenye kadi badala ya Android, inaikubali vizuri tu, nikaishusha, nikaiandika kwenye memori kadi ya jibi 16, nikaingia folda la device_trees kuchagua faili linaloendana na boksi (ndo linaloutambulisha mfumo vifaa vilivyomo ndani), nikalikopi nje na kulibadilisha jina liwe dtb.img. Mara ya kwanza nikachagua silo, ikawaka lakini waifai hamna kabisa. Nikarudia. Afu ndo ile kazi ya kijiti cha meno: unakiingiza kwenye tundu la AV, taratibu, mpaka kule ndani kabisa uhisi kitufe cha riseti kinabonyea "tik", unashikilia hivo hivo huku mkono mwingine unachomeka waya wa umeme, unasubiri logo, unaachia. Mikono miwili haitoshi, mdogo wangu alinishikia tochi ya simu huku ananicheka. Dakika chache Kodi hiyo, programu ya kuchezea video (siyo ile ya TRA, tulia), na rimoti ya TV yenyewe inaiendesha kupitia waya ule ule wa HDMI, wanaita HDMI-CEC, kwa hiyo mama katoka rimoti mbili kabaki na moja. Mawaidha yake nimemjazia kwenye diski, bando haliliwi hata kidogo.

Sasa shemeji kaja Jumapili, kaangalia, kasema: "Kwa hiyo umelikreki? Si ndo wizi huo?"

Wizi wa nini shemeji? Hii nchi tumepanda Hiace zilizokuja kubeba mizigo, watu wakazikata madirisha, wakachomelea siti, wakaziita vipanya, tukaenda nazo kazini na shule, na sijasikia mtu anamwambia konda arudishe gari Japani kwa sababu kalichezea. Baiskeli unafunga keria, cherehani ya miguu unafunga mota, kitenge unakata unavyotaka wewe, ila kikiwa kimeandikwa Android tu ghafla mwenye mali anageuka mpangaji! Hela nimetoa mimi, umeme wa LUKU naununua mimi, vumbi nafuta mimi, halafu mtu ambaye hata hajui Mbagala iko wapi ndo aamue mama yangu aone nini akiwasha TV? Na hiyo Android yao chini kabisa ni Linux, kazi ya maelfu ya watu, imetolewa kwa leseni ya GPL ili mwingine naye aweze kuisoma na kuibadili. Wao walivyoichukua haikuwa wizi, mimi nikiigusa ndo mwizi. Haya. Marekani kwenyewe, wenye sheria kali za kufuli za kidijitali, mwaka 2021 waliruhusu watu kufungua vifaa vya kustrimu ili waweke programu wanazotaka, mradi tu usiwe unaiba filamu za watu.

Na hapo ndo nakubali, kwa shingo upande: wapo wanaotuharibia jina. Wale wa "boksi full channel, mpira bure maisha" ni wezi, tusizunguke. Tena mteja wao ndo anayeumia, 2023 Mkanada mmoja alichunguza boksi lake la T95 alilolinunua jipya akakuta virusi vimo ndani tayari, na Juni 2025 FBI wakatoa tahadhari ya BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vilivyotekwa na virusi, maboksi mengine yanaambukizwa kabla hata hujalitoa kwenye kava. Kwa hiyo shemeji anaogopa kadi yangu ya CoreELEC, ila boksi lake la elfu sitini lisilo na jina kalichomeka kwenye waifai moja na simu yenye M-Pesa.

App rasmi ya Netflix ndo hapana, ukiitaka chomoa kadi, Android inarudi ilivyokuwa, kamari na yote. Na ndiyo, hata CoreELEC waliziacha chipu za zamani, siyo malaika.

Jana shemeji karudi na boksi lake kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwambia kijiti kipo, akafungua droo ya rimoti, hamna. Mama huyo kwenye kochi anachokonoa meno, anaangalia mawaidha.