Mwezi Una Maji Tumboni? Kesi Iliyofunguliwa na Vishanga vya Rangi ya Chungwa

Kila baada ya miaka michache habari inarudi: wanasayansi wamegundua maji Mwezini. Ikirudi, watu wa Mbeya nao hugawanyika kama wa kwingineko. Wako wanaoanza kukisia ni lini Wazungu watahamia huko, na wako wanaouliza inakuwaje fedha nyingi hivyo zitumike kusaka maji angani wakati bomba la mtaani linatoa upepo. Kwa maoni yangu, makundi yote mawili yanabishania maji mengine kabisa. Haya ninayoyazungumzia hayatiririki wala hayachoteki. Ni haidrojeni iliyoshikana na oksijeni ndani ya madini, gramu kadhaa katika tani nzima ya mwamba, mbali chini ya uso. Ubishi juu yake umechemka tangu 2008, na kila upande una hoja za kueleweka.

Tuanze na wanaosema Mwezi ni mkavu, maana ndio waliotangulia. Kati ya 1969 na 1972 safari za Apollo zilirudi na kilo 382 za mawe na udongo. Maabara zilitafuta dalili za maji zikakosa: hakuna udongo wa mfinyanzi, hakuna madini yanayozaliwa kwa maji, na chembe za chuma zilikuwa safi bila kutu. (Jiwe moja la Apollo 16 lilikutwa na kutu, likazua kesi yake lenyewe ambayo nayo haijaisha vizuri.) Maelezo yakapatikana upesi. Yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita gimba lenye ukubwa wa kukaribia Mirihi, lililopewa jina Theia, liliigonga Dunia changa, na Mwezi ukajengeka kutokana na vifusi vilivyoyeyuka na kugeuka mvuke. Katika joto la namna ile maji yangebakije? Kwa karibu miaka 40 swali hilo lilihesabiwa kuwa limejibiwa.

Ili kuelewa lilifunguliwaje upya, si lazima kutazama juu. Ukizunguka Mlima Rungwe, penye kingo za barabara zilizokatwa utaona mkanda wa mawe mepesi ya kijivu umelala chini ya udongo mweusi wa mashamba. Okota moja. Limejaa vitundu, na ukilitia kwenye ndoo ya maji linaelea. Mlima ulilitapika miaka kama 4,000 iliyopita, na kilicholitoboa vile ni gesi, sehemu kubwa yake mvuke wa maji. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikiwa chini sana huyabeba maji yakiwa yameyeyukia ndani yake kwa sababu ya shinikizo. Ikipanda, shinikizo hupungua na gesi hufumuka, kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Kwa hiyo jiwe unaloshika ni ganda la kitu kilichokwisha kutoroka. Ukipima maji yaliyosalia ndani yake utapata kidogo, na ukidai kwamba magma ya Rungwe ilikuwa kavu utakuwa umekosea vibaya. Mpimaji makini hutafuta fuwele zilizokua chini kabla ya mlipuko, zikameza matone madogo ya magma na kuyafungia humo.

Ndicho kilichofanyika kwa Mwezi. Desemba 1972 Harrison Schmitt wa Apollo 17, mwanajiolojia pekee aliyewahi kutembea juu yake, aliona udongo wa rangi ya chungwa kando ya kreta ndogo. Kumbe ni vishanga vya kioo, vidogo kuliko punje ya mchanga wa kawaida, vilivyorushwa na chemchemi ya volkano zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita vikaganda vikiwa bado hewani. Mwaka 2008 Alberto Saal na wenzake walipima vishanga vya aina hii kwa mashine nyeti kuliko zilizokuwepo enzi za Apollo, wakakuta maji hadi gramu 46 kwa tani. Kiasi hicho si cha kutisha. Kilichowashtua watu ni mpangilio wake: maji yalikuwa mengi katikati ya kishanga na yakapungua kuelekea ukingoni. Kama yangekuwa ni uchafu wa maabara au haidrojeni ya upepo wa Jua, yaani chembe zinazorushwa na Jua, yangekuwa mengi nje. Yalikuwa yanatoroka kutoka ndani.

Mwaka 2011 Erik Hauri na timu yake wakaenda mbele zaidi. Walipata fuwele za madini ya olivini ndani ya vishanga hivyo, na ndani ya fuwele matone ya magma yaliyofungiwa kabla ya mlipuko. Humo kulikuwa na gramu 615 hadi 1,410 za maji kwa tani, kiwango kinacholingana na magma ya chini ya bahari zetu. Miaka miwili baadaye Saal alionyesha kwamba uwiano wa haidrojeni nzito na nyepesi katika matone hayo unakaribiana na ule wa Dunia na wa vimondo vya kale vyenye kaboni. Ikawa kama maji ya Mwezi na ya Dunia yametoka katika kisima kimoja.

Hapo waandishi wengi wa habari walifunga daftari. Mimi nadhani walifunga mapema.

Upande wa ukavu haukukaa kimya, na hoja zake hazikuwa za ukaidi. Mwaka 2010 Zachary Sharp na wenzake walionyesha kwamba isotopu za klorini (atomi za klorini zinazotofautiana kwa uzito tu) katika mawe ya Mwezi zimetawanyika kuliko za Dunia kwa kiasi kikubwa sana, na wakasema jambo hilo ni gumu kutokea magma ikiwa na haidrojeni ya kutosha. Mwaka 2012 zinki ikatoa ushahidi wa kufanana: ni kidogo, na iliyobaki imeelemea isotopu nzito, kana kwamba nyepesi zilichemka zikaenda. Zinki haitoroki kirahisi kama maji. Kama yenyewe ilikimbia, maji yalibaki kwa ulinzi gani?

Kisha kuna apataiti. Ni madini ya fosfati ambayo kwetu yanapatikana katika mwamba wa Panda Hill, magharibi ya Jiji la Mbeya, kilima kinachojulikana zaidi kwa metali ya niobi. Fuwele yake ina nafasi maalumu inayoweza kukaliwa na florini, klorini au haidroksili, yaani maji kwa lugha ya madini. Mwaka 2010 apataiti ya Mwezi ilikutwa na haidroksili nyingi, na watetezi wa maji wakashangilia. Mwaka 2014 Jeremy Boyce na wenzake wakawamwagia maji ya baridi: fuwele zinapokua huipenda florini kwanza, hivyo florini ikishaisha katika magma, zinazochelewa hujaza nafasi zao kwa kinachopatikana. Apataiti iliyozaliwa mwishoni inaweza kuonekana imelowa huku magma iliyoizaa ilikuwa kavu. Hoja hii naiona nzuri kuliko zote katika kesi nzima, kwa sababu haikanushi kipimo cha mtu. Inaonyesha tu kwamba shahidi alikuwa na upendeleo.

China nayo ikaleta mzigo mpya. Mawe ya Chang'e-5, yaliyofika Duniani Desemba 2020, yalitoa makadirio ya gramu 1 hadi 5 za maji kwa tani katika mwamba uliozaa magma yake. Chang'e-6, ya kwanza kuleta sampuli kutoka upande wa Mwezi usioonekana kwetu, ilirudi Juni 2024, na uchunguzi uliotolewa 2025 ukasema gramu 1 hadi 1.5.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa kuna mahali pa kuwa macho. Ukiweka 1,410 ya Hauri kando ya 1.5 ya Chang'e-6 unapata tofauti ya kutisha ambayo nusu yake ni ya uongo. Namba ya kwanza ni ya magma. Ya pili ni ya mwamba ulioyeyuka sehemu ndogo kuizaa magma. Maji hukimbilia kwenye kinachoyeyuka, kwa hiyo magma huwa na maji mengi mara nyingi kuliko mwamba mama. Ukizigeuza ziwe za kipimo kimoja, makadirio ya tabaka la kati, yaani mwamba ulio chini ya gamba la Mwezi, kwa upande unaotutazama yanaanzia gramu 1 hadi karibu 200 kwa tani. Tofauti bado ni kubwa, lakini sasa inasema jambo jingine: vishanga vya rangi ya chungwa huenda vilitoka mahali palipolowa kuliko jirani zake.

Msimamo wangu ni kwamba upande wa ukavu unaongoza kwa Mwezi kwa ujumla, na upande wa maji umeshinda kwa hoja moja tu, ila nzito: kauli kwamba hamna hata tone imekufa. Mwezi umetoka kwenye tanuri la mgongano na maji kidogo, yasiyogawanyika sawasawa. Kuujumlisha wote kwa vishanga vya bonde moja ni kama kupima mvua ya Nyanda za Juu Kusini kwa ndoo iliyowekwa Kyela.

Na hayo machache yana kazi kubwa. Kama maji yalikuwemo wakati Theia inagonga, basi Dunia haikungoja kuletewa yote na vimondo vilivyochelewa. Ushahidi wa pembeni unaelekea huko. Vimondo vinavyoaminika kutoka asteroidi Vesta vilionyesha mwaka 2014 kwamba haidrojeni yenye uwiano kama wa Dunia ilikuwepo mapema sana karibu na Jua. Mwaka 2020 Laurette Piani na wenzake walikuta haidrojeni ya kutosha katika vimondo vya enstatiti, vinavyofanana na malighafi ya Dunia na ambavyo vilidhaniwa vikavu. Wageni wanaokwenda Ndolezi kuona Kimondo cha Mbozi wasitarajie kusomea hayo pale. Lile ni donge la chuma na nikeli, na kwa swali hili chuma hakina mengi ya kusema.

Sayari nyingine nazigusa kwa haraka. Almasi ya Juína, Brazil, ilipatikana 2014 ikiwa na punje ya madini ya ringwudaiti yenye maji kama asilimia 1.5 ya uzito wake, kutoka kilomita zaidi ya 400 chini yetu. Kwa Mirihi, uchambuzi wa 2024 wa mitetemo iliyonaswa na chombo InSight ulidai kwamba kati ya kilomita 11.5 na 20 chini kuna nyufa zilizojaa maji ya kimiminika. Wapo waliosema mitetemo ileile inaelezeka bila maji, nami kwa hilo nasubiri.

Kuhusu wale wanaohesabu siku za kuhamia: barafu inayowindwa kwa ajili ya vituo vya watu iko kwenye kreta za ncha za Mwezi zisizofikiwa na Jua, kama Cabeus, ambako mgongano wa chombo LCROSS mwaka 2009 ulirusha mvuke wa maji. Barafu hiyo na maji ya ndani ya mwamba zina historia tofauti, kama maji ya moto ya chemchemi za Songwe, ambayo kwa sehemu kubwa ni mvua iliyozama ikapata joto, yalivyo mbali na yale yaliyolipua Rungwe.

Kinachoweza kumaliza kesi ni kipande cha tabaka la kati lenyewe. Bonde la Ncha ya Kusini–Aitken, alikotua Chang'e-6, lilichimbwa na mgongano mkubwa kiasi kwamba mwamba wa huko chini huenda umetapakaa juu. Hadi kitakapopatikana na kuthibitishwa, pande zote mbili zitaendelea kumhoji mama kwa kuwatazama watoto wake.