Skii za kaka yangu na chumvi ya Mombasa

Zipu ilikuwa imefungwa mpaka mwisho. Mfuko mrefu mweusi, nimeusimamisha nyuma ya kabati, umeegemea ukuta wa mawe wa nyumba yetu ya Kibokoni. Niliuweka hapo kwa mikono yangu mwezi wa nne, masika yakianza, na moyo wangu ukatulia kwamba amana ya watu iko salama. Mwezi wa nane kaka yangu akanipigia simu kutoka Nyali. Binti yake amerefuka, akaniomba nizipime skii zake, zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni kutelezea theluji, tujue kama zitamfaa Desemba. Nikafungua mfuko. Kilichotangulia kutoka ni harufu, ile ya godoro lililorowa likakunjwa kabla ya kukauka. Kisha nikaona kingo za chuma zimekuwa nyekundu kutoka ncha hadi mkiani, na kutu imechuruzika juu ya plastiki ya chini kama chai iliyomwagika kitambaani.

Nilikaa kitandani nikazishika magotini. Mtoto wa miaka kumi na moja alikuwa ameniambia, "Shangazi, nitunzie."

Ndani ya mfuko huohuo mlikuwa na jozi ya pili, ya kaka mwenyewe. Ukuta mmoja, kabati moja, miezi ileile. Hiyo ilikuwa na madoa mawili matatu tu karibu na mkia, basi. Nikampigia kaka kumuuliza kulikoni, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya.

Kaka aliishi Innsbruck, Austria, kwa muda mrefu, na mkewe ni wa huko. Kila Desemba hurudi kwa wakwe. Safari ya mwisho aliumia goti siku za mwanzo, kwa hiyo skii zake zikasafishwa, zikapakwa nta, zikawekwa. Za binti ziliteleza mpaka siku ya mwisho, zikafungwa juu ya gari, zikapita barabara iliyomwagiwa chumvi, maana huko humwaga chumvi barabarani ili barafu isigande, kisha zikatiwa mfukoni na umaji wake zikapanda ndege. Yaani chumvi ilikuwa imeshaingia mfukoni kabla haijaonana na bahari yetu. Kati ya jozi iliyopona na iliyoharibika, tofauti ilikuwa kusafishwa na nta.

Asiyewahi kushika skii hudhani ni ubao mrefu tu. Katikati mna mti kweli, lakini juu na chini ya mti huo kuna matabaka ya nyuzi za kioo yaliyogandishwa kwa gundi, chini kabisa kuna plastiki ngumu yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, inayonywa nta, na pembeni huku na huku unapita ukanda mwembamba wa chuma. Ukanda huo hunolewa kama kisu ili uing'ate barafu mtu anapokata kona. Si chuma kile cha vijiko kisichoshika kutu. Ni chuma kigumu cha kunolewa, na chuma cha namna hiyo ukikiacha wazi Mombasa hutahitaji kungoja mwaka kukiona kimebadilika rangi.

Kuna watakaouliza skii na Mombasa wapi na wapi. Mkenya Philip Boit alishindana na skii kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998, akafika wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja pale mwishoni amkumbatie. Mwaka 2018 Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, alituwakilisha kwenye Olimpiki hiyo ya baridi huko PyeongChang, Korea Kusini. Na hapa pwani nyumba zenye ndugu Austria, Ujerumani au Uswisi ni nyingi. Vitu huja navyo watu.

Nilipoanza kusoma namna ya kuzihifadhi nilikuta ushauri mmoja umerudiwa kila mahali: ziweke pakavu, penye ubaridi, mbali na jua. Ushauri ni sahihi, lakini unadhani pakavu pako mahali panakungoja, uende ukafungue mlango. Mombasa pakavu hapapo. Tazama kichupa cha chumvi mezani. Tunatia punje za mchele ndani yake, na bado wakati wa kusi chumvi hushikana, ukitikisa haitoki. Chumvi ya bahari ina magnesi kloridi ndani yake, na hiyo huvuta maji kutoka hewani hata hewa isipokuwa na unyevu mwingi. Upepo unaopita dirishani umebeba chembe za chumvi hiyo. Zikitua juu ya chuma, kila chembe inajitengenezea tone lake la maji na kutu inaanza hapo. Vyuma vya madirisha yetu vinapigwa rangi leo, mwaka ukipita vimebambuka.

Aliyenifumbua macho ni ami yangu, ambaye ujana wake wote ulipita majahazini. Alikuja kutusalimia, akazikuta skii zimelazwa uani, akapitisha kidole kwenye kutu. Nikamweleza habari ya nta. Akasikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo si sifa na shahamu?"

Mbona sikufikiri! Chombo cha mbao hupakwa sifa, mafuta ya papa, sehemu ya juu, na chini panapozama hupakwa shahamu, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Kusi ikikaza, bahari ikafungwa, vyombo huvutwa juu, hukwanguliwa, huzibwa nyufa, hupakwa, kisha hungoja. Hakuna nahodha aliyepandisha chombo chake kikiwa na maji ya chumvi akakifunika turubai akaenda zake. Tena nyakati zinaoana: skii hufanya kazi Desemba mpaka Machi, wakati wa kaskazi, na hupumzika wakati wa kusi kama vilivyopumzika vyombo vya ami. Maarifa tunayo tangu zamani. Mimi nimelelewa hatua chache kutoka Bandari ya Kale nikafunga zipu.

Basi tulifanya hivi. Tuliziosha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na kitambaa, tukazifuta, tukazilaza chini ya feni ya chumbani siku mbili, mchana na usiku. Kutu nilisugua kwa msasa laini kabisa, nikienda upande mmoja, ukingoni tu, nisiguse plastiki. Ile ya juujuu ilitoka. Palipochimbika pakabaki na vitundu vyeusi, navyo vitabaki mpaka fundi anoe upya.

Mama alileta chupa ya mafuta ya nazi, kwa nia njema kabisa. Nilimzuia. Mafuta ya nazi huchacha na kushika vumbi, na plastiki ile ingeyanywa badala ya nta. Tulitumia kipande cha nta alichokuwa nacho kaka, na pasi ndogo isiyo na matundu ya mvuke. Unaiegemeza nta kwenye pasi, inadondoka matone marefu juu ya tumbo la skii, kisha unapitisha pasi polepole bila kusimama, maana ukisimama sekunde chache tu plastiki huungua. Nta inayeyuka, inang'aa kama maji, halafu inafifia na kuwa nyeupe nyuma ya mkono wako. Chumba kizima kilinuka mshumaa. Jambo kubwa ni hili: wakati wa kuzitumia, nta hukwanguliwa baada ya kupoa ili skii iteleze. Wakati wa kuziweka, iache vilevile, nene, ifunike na kingo za chuma pande zote mbili. Hiyo ndiyo shahamu yake. Itakwanguliwa Desemba, siku ya kwanza ya theluji.

Mfuko sasa una viatu vya zamani. Najua wengi wetu tunaamini nailoni na zipu. Tunafunga cherehani ya bibi kwa nailoni, tunafunga vyombo vya arusi kwa nailoni, tunafunga viti, na tukifungua tunashangaa ukungu umeota. Nailoni haikaushi kitu. Inaufungia ndani unyevu ulioukuta, na hewa yetu haikosi unyevu siku yoyote unayofunga. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya hunywa maji kweli, lakini zipu haizibi hewa kabisa, kwa hiyo hushiba mapema, na vikishiba ni mchanga tu. Mimi nimezifunga skii kwa leso mbili kuukuu za pamba, kila moja na leso yake zisisuguane. Leso hupumua, na vumbi halipiti.

Mahali nilipakosea pia. Ukuta ule wa mawe unapakana na nje, mvua ikinyesha hunywa maji, na ukiuwekea kiganja mwezi wa tano unahisi ubaridi wa majimaji. Nikazihamishia ukuta wa ndani, juu ya kipande cha ubao zisiguse sakafu. Juu darini sikutaka kupafikiria. Chini ya mabati adhuhuri ya Februari ni tanuri, na matabaka yale yameshikwa kwa gundi. Wala hazilazwi chini ya magodoro. Skii ina upinde wake katikati, ukizilaza mbili tumbo kwa tumbo unaona mwanga ukipita baina yake, na upinde huo ndio unaomrusha mtu. Ukizibana kwa kamba kali katikati au ukazilalia na masanduku miezi minane, unaukandamiza bure.

Mabuti ya skii nayo yana habari yake, ingawa nitaifupisha. Toa kitambaa cha ndani, kikauke peke yake, kisha kirudishe na ufunge vifungo kwa ulegevu ili plastiki isipindike. Kisha yaweke penye hewa, mbali na jua. Nasema hivi nikikumbuka viatu vya marehemu baba, alivyovihifadhi kwenye boksi kwa ajili ya Idi. Mwaka wa tatu akavivaa kwenda kuswali, na kabla hajafika msikitini soli zilikuwa zikimomonyoka nyuma yake kama mkate mkavu. Alidhani ameuziwa vibovu. Soli za namna ile, za poliyurethani, hukatika zenyewe kwa unyevu wa hewa zikiwa zimelala bila kuvaliwa.

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi nafungua leso. Napitisha kidole ukingoni, nazitazama kwenye mwanga wa dirisha, palipopukutika nta napaka tena, nafunga. Haichukui hata dakika kumi. Juzi mpwa wangu alikuja, akataka kuona. Nilimwonyesha vile vitundu vyeusi, nikamwambia vimetokana na mimi, na nikamwomba radhi. Akavihesabu kwa ukucha, kimoja kimoja, kisha akanishikia leso nikamalizia kufunga.