Meza ya Baba Mkwe na Kikoi Kilichogoma Kubanduka

Mtiki una mafuta mengi, na mafuta hayo ndiyo yanayoufanya usiogope mchwa wala mvua; lakini kwa mtu wa gundi ni balaa, kwa sababu ubao usipopanguswa kwa tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, muda mfupi kabla ya kupakwa, gundi hushika mafuta badala ya kushika mbao. Hilo mimi na shemeji yangu tulilijua vizuri, na tulilitekeleza kikamilifu. Baba mkwe alitaka meza ya chakula yenye urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.2, na kwa kuwa ubao mpana wa mtiki siku hizi ni wa kutazamwa tu, tulikwenda Muheza tukanunua masalio ya kiwanda cha mbao: vibao vipatavyo 100, kila kimoja na upana wa sentimita 5 na urefu usiozidi 60. (Vibao vyembamba vilivyounganishwa vyema hupinda kidogo kuliko ubao mmoja mpana, kwa hiyo ufukara wetu ulikuwa na hoja ya kitaalamu.)

Fundi aliyetuazima klempu, yaani vibanio vya kukazia mbao, ndefu za chuma, alitushauri tugundishe safu nne nne, tuziache zikauke, kisha tuziunganishe siku nyingine. Shemeji alimsikiliza kwa adabu zote mpaka alipoondoka. Kisha akanieleza kwamba klempu zinarudishwa magharibi, kwamba vibao vyote ni vya meza moja, na kwamba yeye hajawahi kusikia mtu akioa mke mmoja kwa awamu. Mkwe aliyesimama katika ua wa wakweze hana sauti ya kubishana na hoja kama hiyo.

Tulizilaza klempu zote sakafuni, juu yake tukatandaza gazeti ili chuma kisiutie mbao alama nyeusi, na juu ya gazeti tukapanga vibao. Sasa, gundi nyeupe ya mbao, katika joto la Tanga la saa nane mchana, haikupi hata dakika 10 kabla haijaanza kufanya utando. Tulipofika safu ya kumi na mbili, safu ya kwanza ilikuwa imekwisha kununa. Isitoshe, kibao chenye gundi mbichi hakina msimamo. Ukikibana huku kinachomoka kule. Shemeji alikaza, mimi nikasukuma, watoto wa jirani wakatoa maoni, na ghafla meza nzima ikainuka katikati kama mgongo wa kobe.

Klempu zinapokuwa upande wa chini peke yake, viungo hubanana chini na kufumuka juu. Ndiyo maana mafundi huzipishanisha, moja chini na moja juu. Kuzichomoa wakati ule kungekuwa sawa na kuvimwaga vibao vyote uani. "Uzito!" akapiga kelele shemeji. Likaletwa gunia la mchele, kikaletwa kinu, na bado kilima kilisimama. Hapo ndipo baba mkwe, aliyekuwa akitutazama kutoka barazani, alipokuja na kikombe chake cha kahawa, akapanda, akaketi katikati kabisa na kukunja miguu. Meza ikashuka.

"Haya, endeleeni," akasema.

Hapakuwa na la kuendelea. Gundi ya aina ile hutaka ibanwe kwa muda wa saa nzima hivi, nasi tukamwacha aibane. Waliopita walimwamkia naye akawapokea palepale. Hata kesi ya kuku aliyekula mtama wa jirani aliiamulia juu ya meza. Katika haraka ile hakuna aliyekumbuka kwamba gundi iliyotoka kwenye viungo haikufutwa, na kwamba kikoi chake cha samawati kilikuwa cha pamba tupu.

Adhana ya magharibi ilipoanza, baba mkwe aliinuka nusu, akatulia, kisha akaketi tena taratibu kwa uso wa mtu aliyeghairi safari.

"Mwanangu," akaniita kwa sauti ya chini, "wape watu ruhusa."

Fundi aliyekuja kuchukua klempu zake aliinama, akauvuta upindo wa kikoi, akatamka kwamba katika meza yote kile ndicho kiungo kilichoshika barabara. Mlango wa ua ukafungwa, mama mkwe akarusha kanga bila kutazama, na baba mkwe akakiacha kikoi mezani akaenda kutawadha huku maneno KAWIA UFIKE yakiwa yamekaa sawasawa nyuma yake. Shemeji aliyasoma mara moja tu.

Kwa maji ya moto na mwiko kikoi kilibanduka, isipokuwa mistari mitatu ya nyuzi za samawati iliyozama kwenye viungo. Fundi alikataa kuipitisha randa, kwani mtiki peke yake hula makali, seuze mtiki wenye gundi kavu na nguo. Gazeti nalo liko chini ya meza mpaka leo. Ukilala chali utasoma matokeo ya ligi. Kilima kimepungua lakini hakijaisha, kiasi kwamba bakuli la mchuzi likiwekwa ukingoni humwinamia mlaji.

Sikukuu ya Idi, mgeni mmoja kutoka Pangani aliipapasa ile mistari, akauliza ni nakshi ya wapi inayotiwa kwa mkono namna ile.

"Hii haitiwi kwa mkono," akajibu baba mkwe bila kupepesa.

Mgeni akauliza bei, na shemeji akaitaja kabla sijafungua kinywa. Inatakiwa meza ya watu wanane, mistari iwe ya kijani. Kikoi kimekwisha nunuliwa.