Tumelipa Kiingilio Tukae Kimya

Jamani, mjini hapa nimeshalipia mengi. Nimelipia maji ambayo bombani sijayaona, nimelipia choo cha stendi na karatasi nikanunua pembeni. Lakini kulipia kukaa kimya, hilo limenipata Jumamosi hii.

Chanzo ni binti yangu wa darasa la tano. Mwaka ulipoanza alirudi nyumbani na fidla, ya kuazima shuleni, kadogo kama kuku wa kienyeji. Nyuzi nne tu, ila karaha yake ya nyuzi arobaini. Kila jioni anakwaruza sebuleni. Jirani yangu, mtu mstaarabu sana, siku moja alibisha hodi akauliza kwa upole kama tunachinja, basi na yeye tumkumbuke.

"Baba watoto, vumilia," mke wangu akasema. "Wana okestra yao, watatumbuiza wazazi."

Kadi imeandika saa nne kamili asubuhi. Kwa uzoefu wangu wa shughuli za Dar, saa nne kamili ndiyo mpishi anaanza kumenya vitunguu. Kumbe hawa wanamaanisha! Ikabidi bajaji. Nyuma mke wangu, mama mkwe, binti kampakata mdogo wake wa miaka minne, na fidla ikapewa nafasi yake kama bibi harusi. Mimi na mama mkwe kubanana magoti haiwezekani, hata kama ni dharura, kwa hiyo nilikaa mbele na dereva, upande mmoja wa makalio ukipigwa upepo wa Kilwa Road mpaka tunafika.

Mlangoni kiingilio: mkubwa elfu kumi, mdogo elfu tano. Mpigaji nimemzaa mimi, na kumsikiliza nalipa. Nililipa.

Tukakaa. Mtoto mmoja kule nyuma akapuliza obo, sauti moja ndefu, na wengine wote wakaifuata, fidla, selo, filimbi. Kitu kimetulia! Nikapiga makofi, nikapiga na mluzi. Mama mmoja wa mbele akageuka, akaniambia taratibu kwamba bado hawajaanza, wanalinganisha vyombo. Mimi nasema mpaka leo, katika yote waliyopiga, ile ndiyo waliyoelewana.

Mshereheshaji akatangaza, "Sasa tumkaribishe kondakta." Mama mkwe akafungua pochi kutafuta nauli.

Akatoka kijana kavaa suti nyeusi, akatuinamia, halafu akatupa mgongo. Saa nzima! Kwetu ukimpa mtu mgongo una lako jambo. Akagonga kijiti mara mbili, tena hapo nikamwelewa, maana hata wa daladala hugonga bodi gari liondoke.

Kipande cha kwanza kikaisha, nikapiga makofi. Peke yangu. Kumbe kina sehemu tatu na makofi ni mpaka zote ziishe. Mke wangu akanishika mkono, akaukalia.

Mama mkwe naye hana raha. Kazaliwa Unguja, ambako kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, fidla kwake si mgeni. Akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika hadi getini: "Mkwe wangu, mwimbaji yuko wapi?"

Mwimbaji hayupo. Kilichofuata ni hadithi ya Petro na mbwa mwitu, aliyoitunga Mrusi Prokofiev mwaka 1936 ili watoto wajifunze vyombo. Ndege ni filimbi, paka klarineti, bata ni obo. Hiyo niliipenda, sitasema uongo. Shida ikawa mbwa mwitu alipommeza bata. Kitinda mimba wangu akaangua kilio cha msibani, na ukumbi mzima kimya, unamsikiliza yeye.

Nikiwa nambembeleza, naona kiti cha mama mkwe kitupu. Loo! Yuko katikati ya ukumbi, anakwenda kwa madaha, khanga kaifunga kiunoni, msimbazi mmoja kaushika juu unapepea. Anakwenda kutunza! Walimu wakatazamana. Nani atamkimbilia mtu mzima? Akapanda jukwaani, akampita kondakta, akamfikia mjukuu wake. Mikono yote miwili ina kazi, huku fidla, huku upinde. Basi noti akamchomeka chini ya kidevu, akashuka vilevile kwa mwendo wa pole. Na binti hakuacha kupiga. Hapo mke wangu alisahau, akaniachia mkono, tukapiga makofi wawili na hatukujali.

Mwisho wa hadithi msimulizi anasema ukitega sikio utamsikia bata bado yu hai tumboni, na obo ikalia kidogo. Walidhani wanawafariji watoto.

Bajaji ya kurudi, mdogo kimya njia nzima, anawaza. Tunakaribia nyumbani ndipo akauliza:

"Bibi, bata atatoka lini?"

"Kesho asubuhi, mume wangu," mama mkwe akamjibu. "Kama sisi sote."