Sumu iliyomo katika wimbo wa Thomas Davis

Mwaka 1649, miezi michache baada ya jemadari Mwingereza Oliver Cromwell kutua Ayalandi na jeshi lake, Owen Roe O'Neill, jemadari wa Waayalandi Wakatoliki, alifariki. Wanahistoria wengi wanaona ni maradhi. Uvumi ulisema alilishwa sumu. Karibu miaka 200 baadaye Mwayalandi Thomas Davis alitunga wimbo wa kumlilia, na humo sumu si uvumi tena: waliomlisha wanalaaniwa.

Mshairi angesamehewa. Lakini Davis alikuwa mwandishi wa habari, tena mtu wa nyaraka, aliyelichambua bunge la 1689 kwa kumbukumbu zake. Mwaka 1842, yeye na Charles Gavan Duffy na John Blake Dillon walianzisha gazeti la The Nation jijini Dublin. Nyimbo zilichapwa humo kando ya makala za siasa, nyingine zikitajiwa mahadhi ya zamani ya kuziimbia. Asiyejua kusoma alisomewa, na akishaukariri wimbo, gazeti alimwachia mwenzake.

Mshairi wa Ayalandi W. B. Yeats aliulalamikia ushairi wa kundi hili: hotuba zilizotiwa vina. Nikiusoma wimbo wa Davis "A Nation Once Again" (Taifa Tena) kimya kimya, namwona na mimi mtu yuko jukwaani. Ila haukutungwa usomwe kimya. Mwaka 2002 wasikilizaji wa BBC World Service waliupa nafasi ya kwanza duniani, ukiimbwa na bendi ya Kiayalandi ya Wolfe Tones. Kampeni ya barua pepe ilisaidia, sawa, lakini nani anaupigia kampeni wimbo asioujali?

Lawama ya lugha naiona nyepesi zaidi. Davis aliandika kwamba watu wasio na lugha yao ni nusu ya taifa, na akayaandika hayo kwa Kiingereza. Alikuwa Mprotestanti wa Mallow aliyesomea Trinity College, chuo kikuu cha Dublin. Angewaambiaje wasomaji wa Dublin kwa lugha nyingine? Uprotestanti huo huo ulimfanya atake vyuo ambamo Wakatoliki na Waprotestanti wangesoma pamoja, akagongana na Daniel O'Connell, kiongozi wa Wakatoliki, mwaka 1845. Septemba ya mwaka huo homa ikamwua, akiwa na miaka 30.

Kwa O'Neill, hata hivyo, Davis simtetei. Gazeti likikosea Jumamosi hii, Jumamosi ijayo linasahihisha. Wimbo ukishatoka mdomoni mwa watu, nani atausahihisha? Makala za Davis leo wanazifungua wasomi. O'Neill bado analiliwa, na sumu bado imo.