Je, Larrey Alikata Viungo kwa Haraka Mno?

Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji aliyefuatana na majeshi ya Napoleon kuanzia Misri hadi Waterloo, husifiwa kwa magari yake mepesi ya kukokotwa na farasi, yaliyowaondoa majeruhi huku mapigano yakiendelea. Kuhusu magari hayo hakuna ubishi mkubwa. Kinachobishaniwa ni msumeno wake. Huko Borodino, Urusi, Septemba 1812, inasimuliwa kwamba alikata viungo vipatavyo 200 kwa saa 24, zaidi ya miaka 30 kabla ya nusu kaputi kuanza kutumika.

Wanaomlaumu wana hoja nzito. Mwaka 1761 Bilguer, mpasuaji wa jeshi la Prussia, alikwisha kuandika kwamba viungo vingi vilivyokatwa vingepona kama vingeachwa. Tena kisu kile kile kilipita kutoka kwa majeruhi mmoja hadi mwingine bila kuchemshwa, kwa maana habari za vijidudu zilikuwa bado hazijajulikana, na kijana wa shamba aliyerudi kwao bila mkono ilimbidi aanze maisha upya.

Hata hivyo, hebu tulitazame jeraha lenyewe. Risasi ya mviringo ya enzi hizo iliingia mwilini na kipande cha sare chafu, ikausaga mfupa; kisha majeruhi akapakiwa kwenye mkokoteni kwa siku kadhaa, vipande vya mfupa vikimchoma kila gurudumu lilipotumbukia shimoni. Aliyenusurika na donda ndugu aliweza kuuawa na pepopunda. Larrey alishikilia kwamba saa za mwanzo, mwili ukiwa bado umekufa ganzi, ndizo salama zaidi za kukata.

Mimi naegemea upande wake, kwa sharti moja. Ushauri wa Bilguer ulihitaji kitanda, bendeji safi na daktari wa kila siku, na jeshi lililokuwa likirudi nyuma kutoka Moscow halikuwa na hata kimoja; lakini kanuni ya Larrey ya kukata mapema ikihamishiwa katika hospitali ya mjini inakuwa ukatili.

Wala hakuwa mtu wa kuamua bila kutazama. Mwaka 1813, baada ya mapigano ya Bautzen, askari wapya walioumia vidole na viganja walituhumiwa kujijeruhi ili wakwepe vita. Larrey aliwakagua, akaonyesha kwamba wengi walipigwa na bunduki za wenzao waliofyatua kutoka mstari wa nyuma, na Napoleon, aliyekuwa tayari kuwaadhibu, akaukubali ushahidi wake.